Kuchora mimea kwa rangi za maji ukiwa msanii mkazi kwenye shamba la zamani la kahawa: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Wadau, picha mnazonitumia zinafanana mno. Tawi la kahawa, jani la juu limetoka safi kabisa, la pili nusu, alafu huku chini ni penseli tupu maana tawi lilishanyauka na msanii akabaki anakisia. Au jani lote tope. Au jani limekolea kijani cha kiwandani, linang'aa kama beseni la plastiki. Na karibu wote mnasema "labda rangi zangu ni mbovu".

Rangi zinaweza kuwa mbovu kweli, tutafika hapo, ila tatizo kubwa ni mpangilio wa kazi. Msanii mkazi, yaani anayekaribishwa kukaa na kuchora, anafika shambani, anapewa chumba, anaona bustani ilivyo, mzuka unampanda, anakata tawi anashika brashi. Mmea uliokatwa una siku chache tu za kukuvumilia, na ua la kahawa ndo halikuvumilii kabisa. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata saa ya mmea. Historia ya shamba, nani alijenga nyumba kubwa, nani alileta jakaranda, hiyo utahadithiwa barazani jioni.

## Vifaa, kabla hujapanda gari

Nunua vyote kabla, kwa sababu ukishakuwa kule shambani Usa River au Kibosho hutaenda mjini kila siku kutafuta brashi, na steshenari nyingi za Arusha na Moshi zina vifaa vya shule tu.

Karatasi. Pamba asilimia 100, gramu 300 kwa mita ya mraba, uso laini (kwenye jalada wanaandika HP). Uso wenye vinundu ni mzuri kwa mandhari ya mlima, lakini mshipa wa jani unataka mstari mwembamba usiokatika. Karatasi nyepesi ikilowa inajikunja, maji yanakusanyika mabondeni, rangi inakauka kwa madoa. Kama bajeti ni ndogo punguza saizi ya karatasi, usipunguze ubora.

Rangi sita za tyubu. Soma namba ya pigmenti (unga wenyewe unaotoa rangi) nyuma ya tyubu, jina la mbele ni biashara tu. Mimi nabeba PY154 (njano), PR254 (nyekundu), PV19 (waridi), PB29 (ultramarini), PB15:3 (bluu ya thalo) na PBr7 (kahawia ya udongo). Zote zinahimili mwanga. Epuka PR83, ile alizarini ya zamani, inapendeza leo alafu inapauka ukutani na mwenye shamba anakupigia simu. Rangi za watoto za vidonge zina vijazio vingi vinavyofanya tabaka liwe na ukungu, jani halitapata kina hata ufanyeje.

Brashi za duara namba 2, 4 na 6, pamoja na moja kuukuu ya kuchanganyia. Unaipimaje dukani? Omba maji, ichovye, ikung'ute mara moja. Ikirudi kwenye ncha moja kali, chukua. Ikifunguka vichwa viwili, rudisha.

Vya kuchorea: penseli H na HB, kifutio kile cha kufinyanga, karatasi ya treising (ile inayopenya mwanga, ya kunakilia), rula, na divaida ya kwenye mkebe wa hesabu, ile yenye ncha mbili za chuma ambayo wengi hatukuwahi kuitumia shuleni. Hapa utaitumia kila dakika.

Vingine: lenzi ya mkono inayokuza mara 10, sahani nyeupe ya udongo ya kuchanganyia rangi (ya plastiki inafanya rangi ijikusanye matone), mitungi miwili ya maji, kitambaa cha pamba kilichofuliwa sana, wembe mpya au mkasi wa bustani, chupa ndogo za dawa za kusimamishia matawi, na kontena la plastiki lenye mfuniko. Nasema kontena kwa sababu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, sasa usije na ushauri wa video za nje wa kufunika maua na mfuko.

Taa ya LED yenye mwanga wa mchana, karibu kelvin 5000, na pawabenki ya kuiwashia. Umeme utakatika, hilo usijiulize mara mbili.

Beba pia vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vitupie ndani ya folda ya karatasi. Juni mpaka Agosti huku kuna ukungu na baridi, karatasi ikinyonya unyevu ile gundi yake inalegea na rangi inazama badala ya kukaa juu, na ikikaa vibaya inaota kuvu kabisa.

## Hatua ya 1: Maliza makubaliano kabla ya safari

Hapa watu wanaona aibu kwa sababu "wamenipa chumba na chakula bure bana, nianze kudai mikataba?" Ndiyo, anza. Sio bure, unalipa kwa kazi.

Ukurasa mmoja unatosha: utakaa muda gani, kazi ngapi zinabaki shambani, utafundisha wageni au watoto wa wafanyakazi au hapana, na hakimiliki ni ya nani. Kuwapa mchoro halisi ni kitu kimoja, kuwaruhusu wauchapishe kwenye pakiti za kahawa ni kitu kingine, kila kimoja kiandikwe peke yake. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inakulinda, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo kwa ajili ya kusajili kazi, ila karatasi iliyosainiwa mwanzoni inaokoa maneno mengi.

Na uliza ratiba ya kupulizia dawa. Hili sijaona mtu analiandika popote. Mashamba ya kahawa yanapulizwa dawa za kuvu, nyingi zina shaba, kwa ajili ya magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Kwanza ni afya yako, usikate matawi kwenye kipande kilichopulizwa jana alafu ukala ndizi na mikono ileile. Pili, shaba inaacha madoa ya bluu bluu kwenye jani, na kuna watu wameyachora kwa uaminifu kabisa wakidhani ndo rangi ya mmea.

*Ukifanikiwa:* una karatasi yenye saini mbili na unajua vipande gani vya shamba huruhusiwi kugusa wiki hiyo.

## Hatua ya 2: Chagua dirisha

Vitabu vingi vya Ulaya vinasema kaa kwenye dirisha la kaskazini. Kwetu inategemea mwezi. Arusha na Moshi tuko kama digrii 3 na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia kama katikati ya Machi mpaka mwisho wa Septemba jua la mchana linapita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki linapita kusini. Ukija Julai chukua dirisha la kusini. Ukija Desemba chukua la kaskazini. Lengo ni usipate jua la moja kwa moja mezani, linanyausha tawi na linafanya kivuli kitembee wakati unachora.

Kama unatumia mkono wa kulia, mwanga utoke kushoto kwako juu, ili mkono usijifunikie kazi. Kushoto, geuza. Ukishaamua upande, usibadilishe mpaka mchoro uishe, hata kama chumba kingine kina mandhari ya Meru.

Barazani panavutia, najua, na kahawa inaletwa hapohapo. Lakini upepo unatikisa jani, mwanga unaakisiwa na nyasi unakuwa wa kijani, na kila mgeni anayepita anasimama kuuliza. Barazani fanya skechi.

*Ukifanikiwa:* simamisha penseli mezani saa tatu asubuhi, angalia tena saa sita. Kivuli chake kiwe hafifu na kiwe kimebaki upande uleule.

## Hatua ya 3: Chagua mmea unaoweza kuumaliza

Anza na kitu kigumu kisichonyauka haraka. Jani la isale, tawi la kahawa lenye buni, ganda la mbegu la jakaranda. Ua la kahawa liache kwa baadaye, linafunguka baada ya mvua, shamba zima linanukia, na ndani ya siku mbili tatu limekuwa kahawia. Jakaranda za Arusha zinachanua zaidi Oktoba na Novemba, na ua lake likidondoka linalegea haraka sana.

Usichague kwa uzuri tu. Jiulize: naweza kupata jingine kama hili kesho? Kama upo mmoja tu bustani nzima, chora ukiwa umekaa pale pale, usiukate.

Alafu muulize mtunza bustani. Unamsalimia kwanza vizuri, "Shikamoo mzee", unasikiliza habari za mvua, ndo unauliza mmea. Hawa wazee wanajua mti gani unachanua wiki ijayo, upi una upupu, upi ulipandwa na marehemu na haukatwi. Isale hasa. Kwa Wachagga isale linasimama mpakani na linabebwa kuombea msamaha, kwa hiyo lile lililopo kwenye mpaka wa mtu usilipitishie mkasi eti kwa sababu ni Dracaena fragrans na unataka sampuli. Uliza, utaonyeshwa la kukata.

Tahadhari za sumu. Mnyaa na jamii yote ya euphorbia ina utomvu mweupe unaochoma macho vibaya. Yale maua makubwa ya tarumbeta yanayoning'inia (Brugmansia), oleanda, na Gloriosa superba yenye petali nyekundu na njano zilizopinda juu, zote ni sumu. Vaa glavu, usilambe brashi kuitengeneza ncha. Narudia, usilambe brashi. Wengi mna hiyo tabia.

Tahadhari za sheria. Ndani ya hifadhi ya Kilimanjaro au ya Arusha hukati kitu. Impatiens kilimanjari, kile kiua chekundu chenye mkia uliopinda ambacho kinaota Kilimanjaro tu, kichore ukiwa umechuchumaa njiani. Okidi na aloe za porini nazo biashara yake inadhibitiwa kimataifa chini ya mkataba wa CITES, usipakie vipande ukasafiri navyo.

Kama hujui jina la mmea, hebariamu ya taifa (hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa) iko hapahapa Ngaramtoni, Arusha, kwenye taasisi iliyokuwa TPRI na sasa ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Sampuli nzuri ya kuulizia jina ina jani, ua au tunda, na kipande cha tawi kinachoonyesha majani yamepangwaje. Jani moja moja halimsaidii mtu.

*Ukifanikiwa:* una mmea mmoja, unajua jina lake, na unajua ulipo mwingine wa akiba.

## Hatua ya 4: Kata na tunza

Kata asubuhi mapema kabla jua halijakolea, tawi likiwa limejaa maji. Nenda na chupa ya maji mkononi, kata kwa mshazari, tumbukiza hapohapo. Ukifika mezani kata tena sentimita mbili ndani ya maji, ili hewa iliyoingia kwenye mirija itoke. Majani yatakayozama yaondoe.

Chukua matawi matatu. Moja la kuchora, moja la akiba, moja la kupasua. Jioni funga shina na kitambaa kibichi, weka kwenye kontena, funika, peleka friji sehemu ya chini kabisa. Mwombe mpishi wa shamba kwa adabu na uandike jina lako juu, usije ukakuta tawi lako limeenda kwa mbuzi.

Piga picha pande zote ukiweka rula pembeni. Picha ni ya kukumbushia umbo. Rangi ya simu usiiamini, simu inapenda kukoleza kijani.

## Hatua ya 5: Siku ya kwanza ni rangi na vipimo tu

Hii ndo hatua inayorukwa, na ndo inayoua kazi zenu. Siku ya kwanza hakuna mchoro mkubwa. Unachukua kipande cha karatasi ileile utakayochorea na unatafuta rangi za mmea zote kabla hazijabadilika.

Tuchukue tawi la kahawa. Kuna kijani cha juu ya jani kilichokolea, kijani cha chini ya jani kilichopauka na hakina mng'ao, kijani cha jani changa, rangi ya ncha kabisa ya chipukizi, rangi ya shina jipya na shina la zamani, buni mbichi, buni inayogeuka, buni mbivu. Ile ncha ya chipukizi iangalie vizuri, kwa baadhi ya aina za arabika ni ya shaba na kwa nyingine ni kijani, kwa hiyo ukikosea umechora kahawa nyingine. Muulize msimamizi wa shamba ni aina gani, N39, KP423 au zile mpya za TaCRI (taasisi ya utafiti wa kahawa) kutoka Lyamungo, andika kwenye daftari.

Kila rangi unaichanganya, unapaka kisanduku kidogo, unasubiri kikauke, alafu unakisogeza kigusane na jani lenyewe. Rangi ya maji ikikauka inapauka, kwa hiyo kisanduku kibichi kinadanganya. Pembeni andika mchanganyiko: "PY154 nyingi, PB29 kidogo, PBr7 ncha ya brashi". Usitumie kijani cha tyubu peke yake, ndo kile cha beseni. Kijani cha jani la kahawa kinatoka njano na bluu na tone la nyekundu au kahawia la kukishusha.

Kisha divaida. Weka ncha moja mwanzo wa jani, nyingine mwisho, hamishia kwenye daftari. Urefu, upana sehemu pana zaidi, umbali kati ya pingili na pingili. Hesabu jozi za mishipa. Tawi la tatu lipasue: buni kwa wembe uone mbegu mbili zinavyolaliana kwa upande bapa, ua kama lipo uone petali zake, ambazo kwa kawaida ni tano, na stameni (vijiti vya chavua) tano.

Chukua lenzi geuza jani. Pale mshipa wa pembeni unapokutana na mshipa mkuu kuna vishimo vidogo sana. Hapo ndo utajua kama unaangalia kahawa au unakumbuka kahawa.

*Ukifanikiwa:* mbuzi akila tawi lako usiku huu, kesho bado unaweza kumaliza.

## Hatua ya 6: Penseli, kwenye treising kwanza

Chora kwa saizi halisi ya mmea, kwenye treising na sio kwenye karatasi yako ya gharama. Kufuta futa kunaharibu uso wa karatasi na rangi itaingia palepale ulipofuta.

Anza na uti wa tawi, alafu mstari wa mshipa mkuu wa kila jani, alafu ndo kingo. Jani lililojikunja linawashinda wengi kwa sababu wanachora kingo kwanza. Mshipa mkuu uendelee kama mstari mmoja hata pale unapofichwa na mkunjo, uchore wote kwa wepesi kana kwamba jani ni kioo, alafu futa sehemu isiyoonekana.

Mambo ya kahawa yanayosahaulika: majani yanatoka mawili mawili yakitazamana, kingo zake zina mawimbi, na kwenye fundo, kati ya vikonyo viwili, kuna kijijani kidogo cha pembetatu kilichobana shina. Buni iliyokomaa ina kovu la duara kwenye ncha, pale ua lilipodondoka. Hivi vitu vidogo ndo vinamfanya mkulima asimame aseme hii ni kahawa yetu.

Ukiridhika, paka HB nyuma ya treising kwenye mistari tu, lalisha juu ya karatasi safi, pitia kwa H kwa mkono mwepesi. Kabla ya rangi, bonyeza kifutio juu ya mistari mpaka ibaki hafifu. Penseli iliyokolea chini ya njano haitoki tena.

*Ukifanikiwa:* ukisimama mita moja na nusu mistari karibu haionekani, na divaida ikirudi kwenye mmea vipimo vinakubali.

## Hatua ya 7: Tabaka la kwanza

Jani la kahawa linang'aa, na mng'ao wake ni anga linaloonekana juu yake. Kwa hiyo sehemu ya mng'ao ni bluu nyepesi sana au karatasi tupu. Utaamua hapa, mwanzoni, kwa sababu nyeupe iliyopotea hairudi vizuri.

Fanya nusu moja ya jani kwa wakati. Lowesha nusu hiyo kwa maji safi, ukiacha uzi mwembamba mkavu kwenye mshipa mkuu. Subiri. Tazama kwa mshazari: maji yakiwa bado ni dimbwi, mapema. Yakifikia mng'ao laini unaofanana kote, weka bluu nyepesi kwenye mng'ao, kijani chepesi kuanzia kingoni kuelekea huko, na acha zikutane zenyewe. Alafu toa mkono. Kweli, toa mkono.

Ukirudisha brashi yenye maji kwenye tabaka lililoanza kukauka unapata lile doa lenye kingo za mawimbi. Moshi mchana wa Februari una muda mfupi sana, lowesha vipande vidogo. Arusha Julai asubuhi unasubiri mpaka unachoka, fanya jani la upande mwingine wakati hili linakauka.

Nusu ya pili usiiguse mpaka ya kwanza ikauke kabisa. Pima kwa mgongo wa mkono bila kusugua: karatasi ikiwa ya baridi, bado ina maji ndani.

*Ukifanikiwa:* jani limepauka mno, unaona aibu kumwonyesha mtu. Sawa kabisa, endelea.

## Hatua ya 8: Kukoleza bila kutengeneza tope

Tope linatokea kwa njia mbili. Pigmenti nyingi mno kwenye mchanganyiko mmoja (tatu ndo mwisho), au kupaka juu ya tabaka ambalo halijakauka ukaliamsha la chini. Hamna uchawi mwingine.

Tabaka la pili na la tatu ni rangi ileile ikiwa nzito kidogo, unaiweka pale jani linapobonyea kati ya mishipa, na unalainisha ukingo mmoja kwa brashi yenye unyevu tu. Mishipa usiichore, unaipata kwa kuizunguka. Ukichora mishipa kwa kijani cheusi jani linakuwa ramani.

Mwisho brashi kavu: namba 2, rangi nzito kiasi, ifute kwenye kitambaa mpaka inaacha vistari vidogo tu, alafu fuata mwelekeo wa jani lenyewe. Ni kazi ya taratibu, redio inasaidia.

Vivuli vyeusi usitumie nyeusi ya tyubu. PB29 na PBr7 zinakupa giza linaloweza kwenda kwenye baridi au joto utakavyo.

Buni mbivu. Anza na njano ya machungwa nyepesi kote isipokuwa kidoa cha mng'ao. Ikauke. Kisha PR254, kisha PV19 upande wa kivuli, na kwenye kivuli chenyewe ongeza bluu kidogo sana. Ile njano ya chini ndo inafanya buni ionekane ina maji ndani, ukianza na nyekundu moja kwa moja inakuwa shanga. Mbili tatu ziache zikiwa katikati ya kugeuka, ndivyo matawi yalivyo, buni haziivi kwa pamoja.

Ua jeupe kwenye karatasi nyeupe. Unachora kivuli, ua linabaki. Kijivu chepesi sana cha PB29 na PBr7, na kijani njano kidogo kwenye koo la ua. Panga tangu penseli kwamba jani jeusi lipite nyuma ya ua angalau sehemu moja, hilo ndo litatoa ukingo. Usizungushie ua mstari.

*Ukifanikiwa:* weka tawi la akiba kando ya mchoro, fumba jicho moja, rudi hatua mbili. Giza la mchoro na giza la mmea vikaribiane. Kwa wengi mchoro bado utakuwa umepauka, ongeza tabaka moja sehemu za giza tu.

## Hatua ya 9: Maandishi na kipimo

Jina la kisayansi kwa mlazo (*Coffea arabica*, C kubwa, a ndogo), jina la Kiswahili, jina la Kichagga au Kimeru kama mzee alikupa, mahali, mwinuko, tarehe. Kama sehemu yoyote imekuzwa, mfano ua lililopasuliwa, weka kijistari cha kipimo chini yake chenye milimita. Usiandike "mara 5" peke yake, mchoro ukichapishwa kwa saizi nyingine hiyo namba inakuwa uongo wakati kijistari kinapungua na kuongezeka pamoja na picha.

Saini iwe ndogo, karibu na shina. Kona ya chini inakatwa na fremu.

## Hatua ya 10: Skani, kabidhi, safirisha

Skani kabla hujaacha chochote shambani, angalau dpi 300, na 600 kama unataka kuchapisha kubwa. Kama skana hamna, piga picha nje kivulini saa nne hivi asubuhi, kamera ikiwa sambamba na karatasi, na weka kipande cheupe pembeni cha kusahihishia rangi.

Kazi inayobaki kwao ikabidhiwe na paspatuu (kadibodi yenye dirisha inayozunguka mchoro) ndani ya fremu ili kioo kisiguse rangi, na waambie wasiitundike ukutani unaopigwa na jua la jioni. Wataitundika juu ya meko, hilo huwezi kulizuia, ila ulisema.

Zako za kuondoka nazo lalisha kati ya kadibodi mbili ngumu zenye karatasi safi katikati, funga kwa tepu kingo zote, tumbukiza kifuko cha kunyonya unyevu, na usikubali ziingie kwenye buti la basi. Kaa nazo mapajani. Karatasi za sampuli za rangi za siku ya kwanza zifunge humohumo, maana mwenye shamba akiagiza tawi la pili mwakani utaanzia hapo.